Theluji Haina Ratiba: Kurudi Nyumbani kwa Njia ya Mont Cenis

Kila ifikapo mwisho wa Desemba na wiki za mwanzo za Januari, habari kutoka viwanja vya ndege vya Ulaya kaskazini hufanana. Watu waliokwenda likizo ng'ambo wanataka kurudi makwao, ubao wa safari umejaa ndege zilizofutwa, familia zimetandika makoti sakafuni, na msemaji fulani anasimama mbele ya kamera kueleza kwamba hali ya hewa imekuwa mbaya kupita kiasi. Lawama zote zinatupiwa theluji. Mimi naona theluji inasingiziwa. Imekuwa ikianguka palepale, miezi ileile, kwa karne nyingi, na kwa sehemu kubwa ya karne hizo msafiri aliyekwama alihesabiwa kuwa mtu mwenye mkosi, au mpumbavu, au marehemu. Hakuhesabiwa kuwa mtu aliyecheleweshwa. Ili mtu acheleweshwe, lazima awepo mwingine aliyemwahidi siku na saa. Ahadi hiyo ina historia, na wazazi wake wanajulikana. Mahali pazuri pa kuitazama ikizaliwa ni njia moja ya mlimani, kati ya nchi tunazoziita leo Ufaransa na Italia.

Pito la Mont Cenis liko kwenye milima ya Alps, mwinuko wa takriban mita 2,080 kutoka usawa wa bahari. Chini yake upande wa magharibi kuna kijiji cha Lanslebourg, katika bonde la Maurienne. Upande wa mashariki kuna Novalesa na mji mdogo wa Susa, na kutoka hapo ni mteremko mpaka Turin. Kwa mtu wa Paris au London aliyekwenda Roma kwa nchi kavu, hii ilikuwa mojawapo ya njia kuu. Hata hivyo, mpaka mwanzo wa karne ya 19 hapakuwa na barabara ya magurudumu juu yake. Gari la msafiri lilifunguliwa kipande kwa kipande kijijini, vipande vikapakiwa juu ya nyumbu, na mwenye gari akabebwa kwa machela: kiti kifupi kilichofungwa kwenye miti miwili na kuchukuliwa begani na wapagazi waliopokezana. Horace Walpole, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza, alipopita hapo Novemba 1739 pamoja na rafiki yake mshairi Thomas Gray, alihesabu wapagazi 12 na nyumbu 9 kwa ajili yao wawili, watumishi wao na mizigo yao, na kazi hiyo ikachukua zaidi ya saa tano. Siku chache kabla ya hapo mbwamwitu alikuwa ametoka msituni na kumnyakua mbwa wake mdogo mchana kweupe. Na walipokuwa juu mlimani wapagazi waligombana wao kwa wao, huku waungwana wawili wakining'inia kwenye viti vyao ukingoni mwa genge. Theluji ilipokuwa nyingi, waliotoka Italia walikuwa na njia ya kasi zaidi ya kushuka: walikalishwa kwenye sleji, mwenyeji akakaa mbele kuiongoza, wakateleza mpaka Lanslebourg kwa dakika chache njia ambayo kwa miguu ingekula sehemu kubwa ya asubuhi.

Ukitazama mpango huo kwa makini utaona kwamba theluji ilikuwa ajira. Vijiji vya pande zote mbili viliishi kwa kubeba watu, kuongoza nyumbu, kupiga koleo na kulaza wageni waliosubiri tufani ipite. Ugumu wa mlima ulikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana kabla mtu hajapanda. Msafiri aliyelazimika kulala siku mbili zaidi Lanslebourg alilipa siku mbili zaidi, basi. Hakuwa na mtu wa kumdai, kwa sababu hakuna aliyemuuzia tarehe ya kufika.

Mwandishi wa Kifaransa Michel de Montaigne ndiye shahidi ninayempenda zaidi. Aliondoka kwake karibu na Bordeaux Juni 1580, akatembea Ujerumani, Uswisi na Italia, kwa sababu ya maradhi ya mawe ya figo na kwa sababu alipenda kutembea. Septemba 1581, akiwa kwenye chemchemi za maji moto karibu na Lucca, alipata habari kwamba watu wa Bordeaux wamemchagua kuwa meya. Mtu wa leo angetafuta ndege ya kwanza. Montaigne alikwenda Roma kwanza, akakaa nusu mwezi, akaanza safari ya kurudi katikati ya Oktoba, akavuka Mont Cenis tarehe 1 Novemba na kuingia nyumbani kwake tarehe 30, baada ya kuwa nje miezi 17 na zaidi. Barua ya mfalme Henri III ya kumhimiza aje kushika kazi mara moja iliandikwa siku tano tu kabla hajafika. Kuhusu mlima wenyewe, shajara yake haina kilio chochote: alipanda nusu kwa farasi na nusu kwa machela, juu akakuta theluji, akashuka kwa sleji, na mchezo huo wa kuteleza ulimfurahisha. Mont Cenis kwake ilikuwa siku moja ya safari, yenye gharama zake na watu wake wa kulipwa, kama siku ya kuvuka mto kwa pantoni.

Mtu anayeijua historia ya Ulaya ataniambia kwamba nimechagua msafiri mvivu, na kwamba watu wa kale nao walikuwa na tarehe za kuogopa. Atanitajia Heinrich IV, mfalme wa Ujerumani, na atakuwa na haki. Heinrich alitengwa na Kanisa na Papa Gregory VII mwezi Februari 1076. Wakuu wa nchi yake walimpa muda wa mwaka mmoja awe ameondolewa adhabu hiyo, la sivyo ufalme umtoke. Tena walipanga mkutano Augsburg tarehe 2 Februari 1077, Papa mwenyewe akiwapo. Mfalme akaona bora amwahi Papa Italia. Mapito mengine ya Alps yalikuwa mikononi mwa maadui zake, ikabaki Mont Cenis, iliyokuwa chini ya mama mkwe wake Adelaide wa Turin, ambaye hakumwachia mkwewe apite bure: alidai eneo la ardhi kwanza. Majira hayo ya baridi yalikuwa makali ajabu, mto Rhine ukaganda kwa miezi. Mwandishi wa historia wa wakati huo, Lambert wa Hersfeld, anasimulia kwamba wanaume walishuka upande wa Italia wakitambaa kwa mikono na miguu, malkia Bertha na wanawake wake wakalazwa juu ya ngozi za ng'ombe na kuvutwa chini, na farasi wakaburutwa wakiwa wamefungwa miguu, wengi wakafa. Mwisho wa Januari Heinrich alikuwa amesimama mbele ya ngome ya Canossa, alikokuwa Papa. Tarehe ya mwisho ilikuwapo, tena ya kutisha kuliko ya bosi yeyote. Lakini tuangalie nani alikuwa na deni kwa nani. Heinrich ndiye aliyekuwa na deni la kufika. Mlima, wenyeji wake na Adelaide hawakuwa wamemwahidi chochote. Angekwama, angepoteza ufalme, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumshtaki kwa kumkwamisha.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, na linatoka kwenye posta. Tarehe 18 Januari 1505 Philip, mtawala wa Nchi za Chini (Ubelgiji na Uholanzi za leo), alifunga mkataba na Franz von Taxis, ambaye ukoo wake ulikuja kumiliki posta za sehemu kubwa ya Ulaya. Mkataba uliweka muda ambao barua lazima ziwe zimefika. Kutoka Brussels mpaka Paris, saa 44. Kutoka Brussels mpaka Innsbruck, ng'ambo ya mabonde na mito mingi, siku tano na nusu. Basi ahadi ya saa ilikuwapo karne tatu kabla ya reli, na mimi nimebomoka? Sivyo, kwa sababu mkataba ule ule unaendelea: hizo ni saa za kiangazi. Wakati wa baridi Paris inapewa saa 54, na Innsbruck siku sita na nusu. Watu wale walikuwa wafanyabiashara wakali, walijua thamani ya saa moja, na bado waliandika kwenye karatasi kwamba majira ya baridi yana haki ya siku nzima. Theluji ilikuwa na nafasi yake ndani ya ahadi. Hilo ndilo jambo lililokuja kufutwa baadaye, na kwa maoni yangu ndilo badiliko kubwa kuliko injini yoyote.

Kufutwa kwake kulianza na barabara. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 19 Napoleon alijenga juu ya Mont Cenis barabara pana ya magari, yenye nyumba za hifadhi kando kando na watunza barabara wa kudumu. Biashara ya machela ikafa; gari lilipanda zima zima na abiria wake ndani. Barabara ya serikali, watumishi wa serikali, gari la abiria lenye siku zake za kuondoka: hapo msafiri anaanza kuwa na mtu wa kumtazama jicho baya. Mchoraji wa Kiingereza J. M. W. Turner alipitia yote haya mwenyewe. Alikuwa anarudi nyumbani kutoka safari yake ya kwanza ya Italia, na tarehe 15 Januari 1820, pito likiwa limefungwa kwa theluji, gari lao lilipinduka juu kabisa ya Mont Cenis. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake miaka sita baadaye anakumbuka kwamba milango ilikuwa imeganda mpaka abiria wakatokea dirishani, kwamba mwongozaji na mtunza barabara walianza kupigana, na kwamba ilibidi washuke kwa miguu mpaka Lanslebourg, theluji ikiwafika magotini. Katikati ya kichekesho hicho kuna jambo dogo ambalo mtu anaweza kulipita: maofisa waliandika taarifa rasmi ya tukio, na dereva akatiwa ndani. Linganisha na Walpole, aliyening'inia juu ya genge wapagazi wakigombana na asiwe na la kufanya ila kuliandikia barua. Miaka 80 baadaye kuna karatasi, kuna mhuri, kuna mtuhumiwa. Theluji imeanza kuwa kosa la mtu.

Turner alikwama tena katika safari yake ya pili ya kurudi kutoka Italia. Safari hii walivuka Mont Cenis salama kwa sleji, wakaja kunasa mbele zaidi, kwenye mlima Tarare baada ya kupita Lyon, tarehe 22 Januari 1829. Abiria waliwasha moto na kukaa kwenye theluji saa tatu huku gari likifukuliwa. Mwaka huohuo aliionyesha London picha ya rangi za maji ya tukio hilo, na jina la picha linataja kila kitu ambacho abiria wa leo angetaja kwenye malalamiko yake: abiria, gari, mahali, tarehe. Ndani yake mtu mwenye kofia ndefu ameketi karibu na moto akitupa mgongo. Wataalamu wengi humchukulia kuwa ni Turner mwenyewe. Sijui picha nyingine ya zamani hizo inayofanya ucheleweshaji kuwa mada kamili, bila ajali, bila kifo, bila shujaa. Watu wanasubiri tu.

Kisha ikaja reli. Kwanza, kati ya 1868 na 1871, Mwingereza John Barraclough Fell aliendesha treni juu ya pito lenyewe, pembeni mwa barabara ya Napoleon, kwa reli ya tatu ya katikati iliyobanwa na magurudumu ya ulalo ili injini isirudi nyuma. Sehemu zilizoelekea kuporomokewa na theluji zilifunikwa kwa mapaa. Ilikuwa kazi ya muda tu, kwa sababu chini ya mlima, yapata kilometa 25 kusini-magharibi, watu walikuwa wakichimba handaki tangu 1857. Kwa nyundo na patasi lingechukua miaka 25 au zaidi. Mhandisi Germain Sommeiller alileta mashine za kutoboa mwamba kwa hewa iliyoshindiliwa, na pande mbili zikakutana tarehe 26 Desemba 1870. Handaki la karibu kilometa 13 likafunguliwa tarehe 17 Septemba 1871, miezi miwili baada ya Sommeiller kufariki. Sasa treni ilipita chini ya theluji. Mlima ulikuwa umetolewa kwenye hesabu, na kwa hiyo kitabu cha ratiba kikaweza kuandika saa ya kufika Turin bila kuuliza ni mwezi gani. Ile siku moja ya baridi ya mkataba wa 1505 haikuhitajika tena.

Msomaji wa pwani yetu anayo njia yake ya kulielewa badiliko hili. Jahazi lililoingia Zanzibar na kaskazi halikuwa limechelewa kwa kukaa bandarini miezi kadhaa. Nahodha alikuwa akingoja kusi, na biashara, madeni, hata ndoa zilipangwa kwa kufuata pepo hizo mbili. Mambo yaliyouvunja mpangilio huo na yale yaliyouvunja ule wa Mont Cenis ni ya nyakati zilezile na ya mfumo mmoja. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869. Treni za barua za India zilipita handaki la Mont Cenis kwenda kukutana na meli Brindisi, kusini mwa Italia. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation, chini ya William Mackinnon, ilianza kupeleka meli ya barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Ndani ya miaka mitatu hivi, theluji ya Alps na upepo wa Bahari ya Hindi vilipoteza mamlaka ya kuamua siku ya barua kufika, na aliyebaki kulaumiwa barua isipofika alikuwa na ofisi na anwani.

Ratiba peke yake, hata hivyo, isingetosha kumfanya mtu alie kiwanjani. Ilihitaji mzazi wa pili, naye ni likizo yenye mwisho. Montaigne alikuwa na miezi 17 na mashamba yaliyomngoja kwa subira. Turner hakuwa na mwajiri. Lakini mwaka 1871 uleule wa handaki, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya siku za mapumziko za benki, na karani akapata siku chache rasmi zisizo za kazi. Wakati huo Thomas Cook alikwisha kuwauzia watu wa kipato cha kati ziara za Uswisi tangu 1863 na za Italia tangu 1864, kwenda na kurudi katika tiketi moja. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa walipata kwa sheria wiki mbili za likizo yenye malipo, na Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1938. Hizi ni neema kubwa, na sitaki zisomwe vinginevyo. Ila likizo ya namna hii hutolewa ikiwa na siku ya kurejea kazini iliyoandikwa juu yake. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wa kawaida walikuwa na kile alichokuwa nacho Heinrich peke yake: tarehe ya kufika isiyojadiliwa. Na tofauti na Heinrich, walikuwa wamenunua safari ya kurudi kwa mtu aliyewahakikishia kwamba watafika.

Jinsi ahadi mbili zinavyoweza kumbana msafiri inaonekana wazi katika kisa ambacho mashabiki wa mpira wanakijua kwa upande wa majonzi tu. Desemba 1957 Manchester United walicheza Prague, na ukungu Uingereza ukazuia ndege yao ya kurudi. Ilibidi waruke mpaka Amsterdam, wavuke bahari kwa feri hadi Harwich, kisha wapande treni, ili wawahi mechi ya ligi ya Jumamosi. Kwa sababu hiyo walipokwenda Belgrade Februari 1958 klabu ilikodi ndege yake. Tarehe 6 Februari walisimama Munich kujaza mafuta, na Jumamosi ya tarehe 8 kulikuwa na mechi dhidi ya Wolverhampton. Marubani waliacha kupaa mara mbili kwa sababu ya hitilafu za injini. Mara ya tatu kasi ilifika noti 117, kisha, badala ya kupanda, ikashuka mpaka 105, na ndege ikaishia nje ya uwanja. Watu 23 walifariki. Wajerumani walilaumu barafu juu ya mabawa, na rubani James Thain alibeba lawama hiyo mpaka 1969, uchunguzi wa Waingereza ulipohitimisha kwamba chanzo kikuu kilikuwa rojo la theluji na maji kwenye njia ya kurukia, lililoyashika magurudumu. Siwezi kusema ratiba ya ligi iliiua timu ile. Rojo ndilo lililoizuia ndege, na hatari yake ilikuwa haijaeleweka sawasawa. Ninachosema ni kwamba miaka hiyo hapakuwa na mtu aliyejiuliza theluji ipewe siku ngapi. Swali lilikuwa namna ya kuipita.

Na kila namna mpya ya kuipita imeleta namna mpya ya kunasa. Usiku wa tarehe 18 Desemba 2009 treni tano za Eurostar zilizimika ndani ya handaki la chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, zikiwa na abiria zaidi ya 2,000, wengi wao wakisafiri kwa ajili ya Krismasi. Sababu yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Kaskazini mwa Ufaransa theluji ilikuwa laini sana, vumbi hasa, ikapenya kwenye vichujio vya hewa vya injini. Nje palikuwa na baridi kali, kwa hiyo haikuleta shida. Treni ilipoingia handakini, ambako kuna joto na unyevu, vumbi lile liliyeyuka na maji yakaingia kwenye mitambo ya umeme. Handaki lililochimbwa ili hali ya hewa isihusike ndilo lililoigeuza theluji kuwa maji. Mwaka mmoja baadaye kamili, tarehe 18 Desemba 2010, theluji ya sentimeta 7 hivi iliifunga Heathrow, na katika siku tano safari zipatazo 4,000 zikafutwa. Njia za kurukia zilisafishwa mapema kuliko watu walivyodhani. Kilichoshindikana ni maegesho. Theluji ilikuwa imejikusanya na kuganda kuzunguka magurudumu ya ndege zilizosimama, ndege haziwezi kusogezwa mpaka iondolewe, nayo haiondoki vizuri mpaka ndege zisogezwe. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na David Begg, Machi 2011, ilionyesha kwamba maandalizi na mawasiliano ndivyo vilivyoyumba zaidi. Kiwanja kinachofanya kazi karibu na ukomo wa uwezo wake kila siku hakina siku ya akiba. Mkataba wa Taxis ulikuwa nayo.

Nitaulizwa kama basi natamani zama za machela. Sitamani. Watu walikufa kwenye mapito yale, na wapagazi waliobeba waungwana begani hawakuacha shajara za kutueleza walivyoona. Tena wapo waliosafiri kwa kulazimika: vijana wa Savoie walioshuka kila vuli kwenda miji mikubwa kufagia mabomba ya moshi na kubeba mizigo, wakarejea msimu wa shamba ulipowadia. Kwao baridi ilikuwa kalenda ya kazi, wala si mandhari. Hawa wanaweza kuonekana kama ushahidi dhidi yangu, kwamba maskini siku zote alikuwa na siku ya kurudi. Ilikuwapo, ila ilifungwa na kuyeyuka kwa theluji ileile iliyokuwa njiani. Haikuwezekana ipangwe tarehe ambayo mlima haukubali. Aliye na shida leo ni yule anayeishi kwa kalenda mbili zisizojuana, moja ya mwajiri na nyingine ya mawingu. Mhamiaji wa Afrika Mashariki anayeosha vyombo au kuuguza wazee Ulaya, aliyekuja kwao kwa wiki tatu za Krismasi, anaijua hali hiyo kuliko mtalii, kwa kuwa siku aliyokosa kazini huenda isilipwe na huenda isisamehewe.

Pingamizi la mwisho husema kwamba yote haya ni suala la vifaa, na kwamba magreda ya kutosha yatamaliza mjadala. Mont Cenis yenyewe inajibu. Barabara ya Napoleon ingali ipo, lami safi, na kila majira ya baridi hufungwa kwa miezi kadhaa. Sehemu ya upande wa Lanslebourg hugeuzwa njia ya watu wa kuteleza na ski. Magreda yapo Ufaransa, na nchi hiyo haishindwi kuisafisha. Imeamua tu kutoahidi, na kwa kuwa kufungwa kwake kunatangazwa, hakuna dereva anayeandika malalamiko kwamba amecheleweshwa hapo mwezi Januari.

Sheria ndiyo inayohangaika sasa na swali ambalo Philip na Taxis walilimaliza kwa mstari mmoja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu abiria wa ndege, iliyoanza kutumika Februari 2005, inaweka fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, lakini inaisamehe kampuni pale hali ya hewa inapokuwa ya kipekee. Chakula na malazi haisamehewi: Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri lililotokana na volkano ya Iceland ya 2010, kwamba hata anga likifungwa siku nyingi abiria lazima atunzwe. Kwenye reli mambo yalikwenda kinyume. Septemba 2013 mahakama hiyohiyo ilisema shirika la reli litarudisha sehemu ya nauli hata kama chanzo ni nguvu za asili. Mashirika hayakuridhika, yakashawishi, na kanuni mpya iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023 ikayapa msamaha kwa hali ya hewa iliyopindukia. Lakini waliotunga kanuni hiyo waliongeza maelezo kwamba hali ya kawaida ya msimu haihesabiki, na wakatoa mfano wa tufani za vuli na mafuriko ya theluji inayoyeyuka ambayo hurudi mara kwa mara. Kwa hiyo atakayedai nauli yake mwezi Januari atakuta mabishano yamehamia kwenye jambo ambalo mpagazi yeyote wa Lanslebourg angelijibu bila kufikiri: theluji hii ni ya kawaida ya majira yake, au siyo?